Kurudi Nyumbani Kustaafu Ukiwa na Kisukari: Mwongozo Kamili kwa Wanaotoka Uingereza na Marekani

Wengi wanaorudi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja baada ya miaka mingi ya kazi ughaibuni hufunga sandukuni dawa za sukari za miezi kadhaa, wakiamini mengine yatajipa wakifika. Dawa hizo huisha. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba kalamu ya insulini aliyoizoea haiuzwi mjini kwao, vibanzi vya mashine yake ya kupimia sukari havipo, na daktari anayemjua amebaki Leicester au Minneapolis.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Usihamishe dawa, hamisha matibabu. Yaani uondoke ukiwa tayari unatumia dawa ambazo famasi ya mji unaokwenda inaweza kukuuzia mwezi baada ya mwezi kwa bei unayoimudu, na mabadiliko yote uyafanye ungali na daktari wa kukuangalia. Nimewalenga zaidi wenye kisukari cha aina ya pili, maana ndio wengi katika wastaafu. Mwenye aina ya kwanza atafuata hatua hizi hizi, ila kwake insulini ndiyo uhai: asikate tiketi kabla hajajua ataipata wapi, kwa nani na kwa bei gani.

Mwaka mmoja kabla: ulizia dawa zako huko uendako

Chukua karatasi, andika kila dawa kwa jina lake la asili, si jina la kampuni. Majina ya kampuni hubadilika ukivuka mpaka. Dapagliflozin inaitwa Farxiga Marekani na Forxiga Uingereza, na huku utaikuta na majina mengine kabisa kutoka India au Bangladesh. Glucophage ni metformin, Jardiance ni empagliflozin, Januvia ni sitagliptin, Lantus ni insulini ya glargine. Andika na kipimo: miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku.

Kisha mtume ndugu unayemwamini aende famasi mbili, moja kubwa ya mjini na nyingine iliyo karibu na utakapoishi. Asiulize tu "mnayo?" Jibu la swali hilo ni la siku hiyo moja. Aulize hivi: "Habari za kazi. Naulizia glargine ya kalamu kwa ajili ya mzee wangu. Mnaileta kila mwezi au mpaka mtu aagize? Mara ya mwisho ilipowaishia, ilichukua muda gani kurudi? Boksi moja ni shilingi ngapi?" Mfamasia mzuri atajibu yote bila kuona tabu, na mara nyingi atataja na dawa mbadala iliyopo. Chukua namba yake ya WhatsApp. Huyo atakuwa mtu muhimu kwako kuliko madaktari wengi utakaowaona.

Kwa ujumla utakuta metformin kila mahali na kwa bei nafuu. Gliclazide na glimepiride zipo sana. Glibenclamide nayo ipo, na hospitali nyingi za umma huitoa, lakini kwa mtu wa miaka 65 na zaidi ina hatari ya kushusha sukari kupita kiasi na kukaa hivyo kwa saa nyingi, kwa hiyo ukiandikiwa uliza kama gliclazide haiwezi kushika nafasi yake. Empagliflozin na dapagliflozin zinapatikana kwenye famasi za miji mikubwa, na zile zisizo na jina kubwa ni nafuu zaidi. Semaglutide (Ozempic) ukiipata utaipata mjini tu, kwa bei ya kukufanya ukae chini. Upande wa insulini, hospitali za umma zimezoea zile za chupa: ya haraka kama Actrapid, ya kati kama Insulatard, na mchanganyiko wa 30/70 kama Mixtard.

Badilisha dawa ungali ughaibuni

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote. Kama majibu ya famasi yanaonyesha dawa yako haina uhakika, nenda kwa daktari wako miezi sita kabla ya safari, umwambie wazi: "Ninahamia mahali ambapo dawa hii haina uhakika. Nataka nianze sasa ile nitakayoitumia kule." Kwa nini miezi sita? Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Ukibadilisha dawa leo, utahitaji miezi mitatu kuona kama imeshika, na mingine ya kurekebisha kipimo.

Anayetoka kwenye glargine kwenda Mixtard ahesabiwe upya na daktari. Uniti 20 za glargine si uniti 20 za Mixtard. Glargine hutiririka taratibu mchana kutwa na usiku kucha, ilhali Mixtard ina kilele na inataka chakula kwa wakati. Ukiichoma asubuhi halafu ukaenda msibani ukala saa tisa, sukari itashuka na utaanguka.

Kama utahamia chupa na sindano badala ya kalamu, jifunze kuvuta dozi ungali huko, mbele ya muuguzi. Chupa ya kawaida ni mililita 10 yenye uniti 100 kwa kila mililita, jumla uniti 1,000. Sindano yake iwe imeandikwa U-100. Zipo bado sindano za U-40 duniani, na ukivuta insulini ya U-100 kwa sindano ya U-40 unajichoma mara mbili na nusu ya dozi yako. Soma maandishi ya sindano kila unaponunua boksi jipya, hata kama macho yamechoka. Mkabidhi mjukuu asome.

Mashine ya kupimia nayo ina mtego wake. Kila mashine ina vibanzi vyake, na mashine nzuri ya London isiyo na vibanzi mjini kwako ni pambo la mezani. Nunua inayouzwa huko uendako, au ubebe moja ambayo ndugu yako amekwisha kuona vibanzi vyake rafuni. Wanaotumia kihisi cha kubandika mkononi waje na mashine ya kidole pia, kwa sababu upatikanaji wa vihisi hivyo ni wa kubahatisha.

Na kuna suala la vizio. Marekani hupima kwa mg/dL. Uingereza hutumia mmol/L, na mashine nyingi huku pia. Zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL: 3.9 ni 70, 10 ni 180. HbA1c huku kwa kawaida huandikwa kwa asilimia, lakini Uingereza wanaandika mmol/mol. 48 ni asilimia 6.5, 53 ni asilimia 7, 64 ni asilimia 8. Mtu aliyezoea kuambiwa "una 53" akisikia "una 7" anaweza kudhani amepona.

Makaratasi

Omba muhtasari wa kurasa moja au mbili, uliosainiwa, wenye aina ya kisukari na mwaka kilipogunduliwa, dawa zote kwa majina ya asili, HbA1c za miaka miwili, hali ya figo (kreatinini na protini kwenye mkojo), majibu ya macho, miguu na moyo, aleji na chanjo. Kama una chembe za selimundu, hata za kurithi tu bila ugonjwa, ziandikwe. Zinaweza kuvuruga HbA1c kwa baadhi ya mashine za maabara, na daktari mpya asiyejua atakubadilishia dawa kwa namba isiyo ya kweli.

Piga picha za karatasi zote, utume kwa watoto wako wawili. Fanya uchunguzi wa macho, meno na figo kabla ya kuondoka, ukiwa bado unalipiwa.

Mlango unaoufunga nyuma yako

Aliyeko Uingereza ajue kwamba haki ya matibabu ya NHS, huduma ya afya ya serikali, inafuata ukazi, si pasipoti wala kodi ulizolipa. Ukihama moja kwa moja, haki hiyo inakwisha. GP, yaani daktari wako wa mtaani, anaweza kukupa dawa za kukutosha mpaka upate utaratibu mpya, kwa kawaida zisizozidi miezi mitatu. Kurudi kila baada ya miezi kadhaa kuchukua dawa kwa anwani ya mtoto ni udanganyifu, na isitoshe kunakufanya uishi kwa ratiba ya ndege.

Pensheni ya serikali ya Uingereza utalipwa hata ukiwa Kenya, Tanzania au Uganda, ila imegandishwa: kiwango ulichoanza nacho, au ulichoondoka nacho, ndicho utakachobaki nacho, bila nyongeza ya kila mwaka wanayopata walioko Uingereza. Dawa zinapanda bei, pensheni haipandi. Bajeti ya dawa ipigiwe hesabu ya miaka kumi na tano, si ya mwaka wa kwanza.

Kwa walioko Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hailipi chochote nje ya nchi hiyo. Sehemu A, ya kulazwa hospitali, wengi hawailipii ada, kwa hiyo ibaki. Swali ni Sehemu B, ya madaktari na matibabu ya bila kulazwa, ambayo mwaka 2025 ada yake ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Ukiiacha halafu ukarudi baadaye, utaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa bila nayo, na nyongeza hiyo hukaa nawe maisha. Maoni yangu: anayerudi huku na figo zilizoanza kuchoka au moyo wenye historia, na mwenye watoto Marekani wa kumpokea, aendelee kulipa. Mwenye afya ya wastani aliyeamua kuzikwa kwao, dola hizo zitamfaa zaidi kwenye akaunti ya matibabu ya hapa.

Uraia na bima

Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Mwenye kitambulisho cha taifa anajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kuanza kwa *147# kwenye simu. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya, na mchango ni asilimia 2.75 ya kipato hicho, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima. Jisajili wiki ya kwanza. Usingoje uugue.

Tanzania bado haina uraia pacha. Ukichukua pasipoti ya Uingereza ukubwani, kisheria wewe ni mgeni, hata kama kaburi la babu yako liko nyuma ya nyumba. Serikali imeanza kuweka utaratibu wa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, kwa hiyo ulizia ubalozini au Uhamiaji kabla ya kuomba kibali cha kawaida cha mstaafu. Jambo hili linagusa mfuko wako moja kwa moja: zipo hospitali zenye bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Uliza pia NHIF ya Tanzania, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kama hadhi yako inakuruhusu kujiunga. Zanzibar ina mfuko wake, ZHSF. Msamaha wa gharama kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza upo Bara, lakini dawa ikiwa haipo dirishani, msamaha hauileti.

Bima za binafsi, soma vipengele vitatu tu kabla ya yote: umri wa mwisho wa kujiunga, muda wa kusubiri kwa ugonjwa uliokuja nao, na kikomo cha dawa za magonjwa sugu kwa mwaka. Kikomo hicho kinaweza kuwa kidogo kuliko gharama yako ya miezi minne. Wakala akikwambia "usijali, mzee," mwambie akuonyeshe ukurasa.

Siku ya safari

Dawa zote na insulini ziende kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake yenye lebo, pamoja na barua ya daktari. Kwenye tumbo la ndege insulini inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Dawa za maji zinaruhusiwa kuzidi mililita 100, ila zitangaze kwenye ukaguzi. Gawanya akiba katika mikoba miwili kama mnasafiri wawili.

Wiki za mwanzo: kliniki

Jenga nyumba mbili za matibabu. Ya kwanza ni kliniki ya kisukari iliyo karibu, hata ikiwa ya hospitali ya wilaya au ya kaunti. Nyingi zina siku maalumu ya wiki, na huko utakuta wauguzi wanaoona wagonjwa wa sukari kwa mamia na wanaojua ni dawa ipi imeadimika mwezi huu. Ya pili ni ya rufaa kwa mambo makubwa: Muhimbili au Aga Khan ukiwa Dar, KCMC ukiwa Moshi, Bugando ukiwa Mwanza, Mnazi Mmoja ukiwa Unguja, Coast General ukiwa Mombasa. Fungua faili huko ungali mzima. Kufungua faili usiku wa dharura ni adhabu.

Ratiba yenyewe ni fupi: HbA1c kila miezi mitatu mpaka itulie, kisha kila sita; macho, figo na miguu kila mwaka.

Insulini na joto la pwani

Chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, mbali na sehemu ya barafu. Iliyofunguliwa nyingi huvumilia takriban wiki nne chini ya nyuzi 30. Karatasi ya boksi itakwambia ya kwako. Sasa hesabu: Februari, chumba cha Dar au Mombasa chenye bati kinapita nyuzi 30 mchana. Kwa hiyo hata inayotumika ikae mlangoni mwa friji, uitoe kidogo kabla ya kuchoma.

Utaambiwa habari za vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati. Ni mbinu ya kweli, inapoza kwa maji yanayokauka, na Dodoma itakusaidia sana. Pwani hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, na ubaridi wake ni mdogo. Vifuko vya kulowesha maji navyo ni vivyo hivyo. Pwani nunua friji ndogo, weka kipimajoto ndani, na umeme ukikatika usiifungue ovyo.

Insulini ya haraka ikionekana na mawingu, au ya mchanganyiko ikibaki na vipande baada ya kuigeuzageuza, itupe.

Homa

Uliyekaa Ulaya miaka ishirini, kinga yako ya malaria imepungua. Homa yoyote ni kipimo cha malaria siku hiyo hiyo, na sukari ipimwe kila baada ya saa nne. Maambukizi hupandisha sukari, lakini malaria kali inaweza kuishusha ghafla, na kwinini nayo huishusha. Mwambie anayekutibu unatumia nini kabla hajaandika dawa. Hata Septrin, dawa ya kuua bakteria, ikikutana na gliclazide au glibenclamide inaweza kukuangusha.

Ukitapika au kuharisha, metformin, empagliflozin na dapagliflozin kwa kawaida husimamishwa mpaka ule na kunywa vizuri. Insulini ya msingi, ile ya kutwa nzima kama glargine, haisimamishwi kienyeji. Mwombe daktari akuandikie mpango huu mapema, kwa Kiswahili, ili anayekuuguza ausome.

Ramadhani, mialiko na miguu

Anayekusudia kufunga amwone daktari wiki sita hadi nane kabla. Mzee anayechoma insulini mara mbili kwa siku, mwenye figo dhaifu, au aliyeshukwa na sukari karibuni, mara nyingi atashauriwa asifunge, na ruhusa ya mgonjwa ipo katika dini. Anayefunga apime mchana. Kuchoma kidole hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 mmol/L, fungua hapo hapo. Empagliflozin na dapagliflozin zinatoa maji mwilini kupitia mkojo, na kwenye joto la pwani bila kunywa mchana kutwa ni mzigo. Futari ndiyo kazi: tende, uji, mihogo ya nazi, viazi vitamu na kaimati, zote meza moja. Chagua wanga mmoja.

Miezi ya mwanzo utaalikwa kila nyumba. Mahamri na mbaazi hapa, soda pale, na kukataa kunaonekana kiburi cha Ulaya. Sema mapema, kwa simu, "Dada, mimi nina sukari, niwekee maji na samaki." Utapikiwa. Upande mwingine, wapo wanaotembea zaidi huku na sukari ikashuka kwa dozi ile ile ya zamani. Kwa hiyo pima mara nyingi zaidi miezi mitatu ya mwanzo.

Miguu iliyokufa ganzi haisikii mchanga wa moto wala mwiba. Usitembee peku hata uani, na baada ya udhu kausha katikati ya vidole.

Dawa bandia na unga wa majani

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia iliyokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama ilifika huko, fikiria wanaouza kwa ujumbe wa simu. Nunua famasi yenye mfamasia na leseni, si duka la dawa muhimu la mtaani, na udai risiti yenye namba ya toleo. Ukishuku, peleka TMDA, mamlaka ya dawa, kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya.

Mlonge na muarobaini utaletewa na watu wanaokupenda. Pokea, shukuru, na usiache insulini. Ukiamua kutumia, mwambie daktari wako.

Sukari ikishuka usiku

Kabla ya kupanga au kujenga, tembea njia ya kwenda hospitali yenye daktari wa usiku, saa ambayo utaihitaji. Ambulensi usiitegemee sana. Ongea na dereva wa bajaji au teksi wa mtaani, mlipe mara moja bila safari, awe na namba yako.

Glukagoni, sindano ya dharura ya kupandisha sukari, ni adimu, kwa hiyo wafundishe wanaoishi nawe, akiwemo dada wa kazi: mzee akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo, mpimeni, chini ya 3.9 mmol/L apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pimeni tena baada ya dakika 15, mrudie ikibidi, kisha ale. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni. Alazwe ubavu, dereva apigiwe.

Bandika maelekezo hayo kwenye mlango wa friji, pamoja na namba ya dereva, ya mfamasia na ya mtoto mmoja anayepokea simu usiku.